Kuchora mwendo na wakati katika picha isiyosogea: mwongozo kwa mchoraji

Mtwangaji anapoinua mchi, kuna nukta ndogo sana, juu kabisa, ambapo mchi haupandi tena wala haujaanza kushuka. Nukta hiyo haidumu hata sekunde moja, lakini mchoraji anayejua kuitambua ameshapata nusu ya elimu ya kuonyesha mwendo kwa kitu kisichoweza kusogea, yaani karatasi, turubai, ukuta au gogo la mpingo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anaweza kumchora binadamu aliyesimama au kuketi, lakini kila anapojaribu kumchora anayekimbia, anayelima au anayecheza ngoma, picha inamgandisha mtu huyo kama aliyeambiwa asitikisike. Nimewaona wanafunzi wengi wakikwama hapo, na mimi mwenyewe nilikwama hapo kwa muda mrefu, kwa sababu tulidhani kwamba mwendo unapatikana kwa kunakili kwa usahihi kile ambacho kamera imekinasa.

Andaa mkaa wa kuchorea au penseli laini, karatasi za bei nafuu zisizopungua thelathini, kifutio, na kipande cha kitambaa cha pamba. Kisha tafuta watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa kupokezana. Ikiwa mtaani kwako hakuna anayetwanga tena, chagua kazi nyingine yoyote inayojirudia, kama vile kulima kwa jembe, kupiga kasia, kupiga randa au kuruka kamba. Kujirudia ni jambo la lazima kwa mwanafunzi, kwa kuwa mwendo unaorudi kila baada ya sekunde moja au mbili unakupa nafasi ya kuutazama upya mara mia, ilhali mtu aliyekupita mbio barabarani hatarudi ili umtazame tena.

Hatua ya kwanza: tazama bila kuchora

Kaa kwa dakika kumi mikono yako ikiwa mapajani. Tazama nyayo peke yake, kisha magoti, kisha nyonga, kisha mgongo, na mwisho mikono. Utagundua kwamba kutwanga hakuanzii mikononi, ingawa mikono ndiyo inayovuta macho. Visigino vinainuka kwanza, magoti yananyooka, mgongo unajipinda kwa nyuma, na ndipo mikono inapofika juu ikiwa ya mwisho kabisa. Wakati wa kushuka mambo huenda kwa utaratibu uleule: visigino vinatua na magoti yanalegea kabla ya mchi kugonga kinu. Liweke jambo hili moyoni, kwa sababu hatua ya nne inalitegemea lote. Sikiliza pia mdundo, maana sikio hugawanya wakati vizuri kuliko jicho.

Hatua ya pili: mstari mmoja, kisha uzito

Sasa chora, na kila mchoro usizidi nusu dakika. Alama ya kwanza iwe mstari mmoja tu unaotoka kisiginoni, ukapita mgongoni na kuishia kwenye ncha ya juu ya mchi, kama upinde uliovutwa. Mstari huo tuuite mstari wa mwendo. Usichore uso, usichore vidole, wala usifute chochote. Ukikosea, chukua karatasi nyingine. Baada ya michoro ishirini ya namna hii mkono utaanza kuacha hofu, na hapo ndipo utakapoweza kushughulikia uzito.

Uzito una kanuni ambayo wachoraji wameitumia kwa karne nyingi: teremsha mstari wima kutoka kwenye kishimo cha shingo hadi chini. Kwa mtu aliyesimama ametulia juu ya mguu mmoja, mstari huo huangukia kwenye kifundo cha mguu unaobeba mwili. Kwa mtu anayesogea, mstari huangukia nje ya nyayo zake, mbele yake au kando yake, kwa maana kwamba mwili huo hauna budi kusogea au kuanguka. Mtazamaji hahitaji kufundishwa kanuni hii, kwani ameijua tangu alipoanza kusimama dede, na mwili wake unaitikia kabla akili haijasema neno. Mchore mvuta mkokoteni akiwa wima kabisa, na magunia kumi yaliyo nyuma yake yataonekana kama yamejazwa pamba. Mwinamishe mbele mpaka uamini kwamba mishikio ikimponyoka atapiga kifudifudi, na mkokoteni utapata uzito wake papo hapo.

Hatua ya tatu: chagua nukta

Picha moja ina nukta moja, kwa hiyo kuichagua ni uamuzi mzito kuliko uamuzi wa rangi. Katika kutwanga kuna nukta tatu za kufikiria: mchi ukiwa juu, mchi ukiwa njiani, na mchi ukiwa umetua. Wanafunzi wengi huchagua ile ya katikati kwa sababu hapo ndipo kasi ilipo, na picha zao hushindwa kwa sababu hiyohiyo, maana mchi ulio katikati hausemi kama unapanda au unashuka. Mchi ulio juu kabisa unasema yote mawili: umepanda, na lazima utashuka.

Mchongaji Myron wa Ugiriki ya kale alilijua jambo hili karne ya tano kabla ya Kristo, alipomtengeneza mrusha kisahani wake kwa shaba. Sanamu yake ya asili imepotea, lakini nakala za marumaru zilizochongwa na Warumi zimebaki, na ndani yake mwanamichezo amefikisha mkono nyuma kabisa, mwili umejisokota, na kisahani kimesimama kwa kitambo kidogo kabla ya kurushwa. Hakuna mwendo wowote katika nukta ile, ila mwendo wote umekusanyika humo.

Kuna pia nukta ya badiliko, ambayo hutokea mara moja tu na hairudi. Mchongaji Mwitaliano Bernini, aliyechonga Apollo na Daphne kati ya 1622 na 1625, alichagua pale ambapo msichana anayekimbizwa anaanza kugeuka mti, vidole vyake vikichipua majani na gome likiupanda mwili wake, huku mwenye kumkimbiza akiwa bado hajaelewa kilichotokea. Sanamu hiyo ipo Roma, katika Galleria Borghese, na mtu akiizunguka anaona hadithi ikiendelea kadiri anavyotembea. Nukta za namna hii zinafaa kwa masimulizi. Kwa kazi za kila siku, tafuta kwanza kituo kidogo kilicho kati ya kwenda na kurudi.

Hatua ya nne: unganisha nukta mbili katika mwili mmoja

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na naomba msomaji asiharakishe.

Mwaka 1821 mchoraji Mfaransa Théodore Géricault alichora mbio za farasi za Epsom, Uingereza, picha ambayo sasa ipo katika jumba la Louvre mjini Paris. Farasi wake wote wananing'inia hewani, miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia na kufunga nyuzi ambazo farasi alizikata alipopita, kila uzi ukifyatua kamera yake. Picha zikaonyesha kwamba farasi anayekimbia hunyanyua kweli miguu yote minne kutoka ardhini, lakini hufanya hivyo miguu ikiwa imekusanyika chini ya tumbo, si ikiwa imenyooshwa. Kwa hesabu za kamera, basi, Géricault alikosea.

Hata hivyo, ukiziweka picha hizo pamoja, farasi wa Géricault wanakimbia, na wengi wa Muybridge wanaonekana kama wamesimama hewani. Mchongaji Mfaransa Auguste Rodin alilieleza jambo hili katika mazungumzo yake na mwandishi Paul Gsell yaliyochapishwa mwaka 1911. Hoja yake ilikuwa kwamba wakati hausimami katika uhalisi, kwa hiyo kamera inayousimamisha inasema uongo wa aina yake, ilhali msanii anayekusanya nukta kadhaa katika umbo moja anasema kweli kuhusu mwendo. Aliithibitisha hoja hiyo kwa mikono yake: sanamu yake ya Yohana Mbatizaji anatembea, na nyayo zake zote mbili zimekanyaga ardhi bapa. Mtu anayetembea hivyo hayupo, kwa maana mguu wa mbele unapokanyaga sawasawa, kisigino cha nyuma huwa kimeshainuka. Rodin aliupa mguu wa nyuma wakati uliotangulia na mguu wa mbele wakati uliofuata, na jicho linapopanda kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, linamwona mtu akipiga hatua.

Sasa rudi kwa mtwangaji wako. Umeshaona kwamba mwendo unasafiri kutoka nyayo kwenda mikono, yaani nyayo ziko mbele ya mikono kwa wakati. Mchore basi visigino vikiwa vimeshatua na magoti yameanza kulegea, huku mikono na mchi vikiwa bado juu kabisa. Kamera inaweza isinase kamwe tofauti kubwa kiasi hicho, lakini mtazamaji ataanzia chini, atapanda hadi juu, na atahisi pigo likija. Kisha mwongeze mtwangaji wa pili, ambaye mchi wake upo ndani ya kinu, mgongo umeinama na shingo imeshuka. Watu hao wawili, ukiwatazama kwa pamoja, ni mtu mmoja katika nukta mbili za kazi moja, na mzunguko mzima wa kutwanga umeingia katika karatasi bila kurudia kiungo hata kimoja. Kwa maoni yangu hakuna mfano bora wa kujifunzia somo hili, na ni bahati kwamba ulikuwa uani kwetu siku zote.

Simchukii mpiga picha, wala sikatazi simu. Itumie kujua goti linapinda kiasi gani na kiwiko kinaelekea wapi, kisha izime kabla ya kuamua mkao.

Hatua ya tano: legeza kingo

Kitu kinachokwenda kasi hakionekani kwa kingo kali. Diego Velázquez, katika picha yake ya wasokotaji nyuzi iliyopo katika jumba la Prado mjini Madrid, alichora gurudumu la kusokotea bila kuonyesha njiti zake za ndani; badala yake aliweka ukungu mwembamba wa mwanga unaometa, na gurudumu likazunguka. Hiyo ilikuwa katika karne ya 17, karibu miaka mia mbili kabla ya kamera yoyote kumfundisha mtu jinsi mwendo unavyofifisha umbo. Aliona kwa macho yake tu, jambo linalonipa moyo kila ninapolikumbuka. Kamba ya kuruka inayozungushwa na watoto hufanya vilevile: usichore kamba, chora ukungu wa umbo la yai unaowazunguka.

Sugua mkaa kwa kitambaa kufuata njia ya mwendo, si kuikata. Ncha ya mchi husafiri njia ndefu kuliko mkono unaoushika, basi isuguliwe zaidi, na mkono usuguliwe kidogo. Lakini bakiza kitu kimoja kilicho thabiti na chenye kingo kali. William Turner alipochora treni ikivuka daraja katikati ya mvua, mwaka 1844, karibu kila kitu kiliyeyuka kuwa rangi na mvuke isipokuwa bomba jeusi la injini, na bila bomba hilo tusingejua kinachokwenda ni nini. Katika picha yako, kinu ndicho kiwe thabiti. Kichore kizito, cheusi, kilichokita ardhini.

Hatua ya sita: kurudia kiungo, kwa kiasi

Njia nyingine ni kuchora mguu uleule mara nyingi katika nafasi zake mbalimbali. Chanzo chake ni mwanasayansi Mfaransa Étienne-Jules Marey, ambaye mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki iliyoweza kupiga picha 12 kwa sekunde, na baadaye akawavisha watu nguo nyeusi zenye mistari myeupe ili mistari hiyo peke yake ionekane ikisafiri katika bamba moja. Mwaka 1912 Marcel Duchamp alimchora mtu akishuka ngazi kwa maumbo yaliyopangana kama feni, na mwaka huohuo Giacomo Balla alimchora mbwa mdogo mweusi akitembezwa, miguu yake ikiwa wingu la miguu na mnyororo wake ukirudiwa kwa mapinde.

Tazama hapo kwamba Balla hakuurudia mwili wa mbwa kama alivyoirudia miguu. Kinachokwenda kasi ndicho kinachorudiwa. Mwanafunzi anayeirudia picha nzima mara sita hupata msongamano, na mtazamaji huona watu sita. Wachora katuni hutumia njia fupi zaidi ya mistari michache nyuma ya mkimbiaji na kijiwingu cha vumbi kwenye kisigino, na njia hiyo ni halali kabisa mradi mstari wa mwendo wa mkimbiaji mwenyewe ni sahihi. Mistari ya kasi haiwezi kumwokoa mtu aliyechorwa amesimama.

Hatua ya saba: nguo, pumba na upepo

Nguo huchelewa. Mwili unapoanza kushuka, pindo la kanga bado linapanda. Mwili unapogeuka kushoto, pindo bado linaelekea kulia. Kwa hiyo nguo ni kumbukumbu ya mahali mwili ulipokuwa kitambo kidogo kilichopita, na mchoraji anayeichora vizuri ameingiza wakati uliopita katika picha bila kuonekana. Chembe za mahindi zinazoruka kutoka kinuni na pumba zinazoelea hufanya kazi hiyohiyo: chembe iliyo hewani inasema kwamba pigo limeshatokea.

Baharini utumie tanga. Jahazi linaloenda kwa upepo hulalia upande, tanga limejaa na foromali, yaani mti unaobeba tanga, imeinama, lakini upeo wa bahari lazima ubaki mlalo kabisa, kwa kuwa ukiuinamisha nao utakuwa umeinamisha karatasi na si jahazi. Hokusai alifanya hivyo katika picha yake ya wimbi kuu, iliyochapishwa kwa ubao wa mti nchini Japani karibu mwaka 1831. Wimbi limeinuka juu ya mashua, povu lake limekuwa makucha, na kwa mbali, dogo na tulivu, upo mlima Fuji. Utulivu wa mlima ule ndio kipimo cha ghadhabu ya maji.

Hatua ya nane: acha nafasi

Mkimbiaji apewe nafasi kubwa mbele yake kuliko nyuma, isipokuwa unataka aonekane amebanwa. Kumbuka pia kwamba jicho hufuata mazoea ya kusoma. Anayesoma kwa herufi za Kilatini huingia katika picha kwa upande wa kushoto, lakini msomaji wa kale wa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu aliingia kwa upande wa kulia, kama alivyofanya Mjapani wa zama za Hokusai. Geuza mchoro wako mbele ya kioo, uone kama mwendo unaharakishwa au unazuiwa.

Hatua ya tisa: saa, majira na vizazi

Wakati mrefu unahitaji mbinu nyingine, na hapa mwendo wa mwili hautoshi. Anza na kivuli. Chora kinu kilekile, mahali palepale, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, kivuli cha adhuhuri hukusanyika chini ya kinu, na cha alasiri hunyoosha uani kote. Claude Monet aliifanya kazi hii kwa uvumilivu usio wa kawaida. Kati ya 1892 na 1894 alichora uso wa kanisa kuu la Rouen zaidi ya mara thelathini, akibadili turubai kadiri mwanga ulivyobadilika, na jengo la mawe likawa saa.

Ukitaka kusimulia kisa, unaweza kumrudia mhusika mmoja katika picha moja. Masaccio, katika ukuta wa kikanisa cha Brancacci mjini Florence, karibu mwaka 1425, alimchora Petro mara tatu: katikati anaambiwa na Yesu kuhusu kodi, kushoto anaitoa sarafu kinywani mwa samaki, na kulia anamlipa mtoza kodi. Hatupotei kwa sababu rangi za mavazi yake hazibadiliki. Jaribu kufanya hivyo uani: mtu mmoja, kanga moja, akipukuchua mahindi, akitwanga, akipepeta kwa ungo, akisonga ugali.

Wachongaji wa Kimakonde wameenda mbali zaidi katika vinyago vinavyoitwa ujamaa, ambapo watu wengi huchongwa katika gogo moja la mpingo, wakishikana na kubebana, wazee kwa watoto. Jicho linalokipanda kinyago hicho linapita vizazi. Na huko Kondoa, katika miamba iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, wachoraji wa nyakati tofauti walichora juu ya kazi za waliowatangulia, hata wanyama na watu warefu wembamba wa rangi nyekundu wakafunikwa mahali pengine na michoro myeupe ya baadaye. Nawashauri wanafunzi wasiwe wepesi wa kufuta, kwa sababu hiyo: mstari wa zamani unaochungulia chini ya mpya ni wakati unaoonekana kwa macho.

Hatua ya mwisho: jaribio

Mwonyeshe mchoro mtu ambaye hakukuona ukiuchora, kwa sekunde tatu tu, kisha uufunike na umuulize: nini kitatokea sasa hivi? Akijibu kwamba mchi utashuka, au akirudisha mguu nyuma bila kujijua, kazi imefika. Akianza kukusifia maua ya kanga, rudi katika hatua ya pili. Jaribio hili lifanye kwa watu watatu walau, na mmoja wao awe mtu aliyewahi kutwanga, kwa sababu yeye ataona kosa la visigino kabla ya wewe kulitaja.

Kisha zipange karatasi zako thelathini sakafuni kwa utaratibu ulivyozichora. Ile ambayo mstari wake wa kwanza bado unaonekana wazi chini ya kila ulichoongeza ndiyo ya kuhamishia kwenye turubai na kuipaka rangi.